Zizi la Möckern, Malisho ya Garissa

Katika soko la mifugo la Garissa, mnunuzi mzoefu hamtazami ng'ombe usoni. Humjia kwa ubavuni, akaweka kiganja mgongoni, akakipitisha juu ya uti hadi kiunoni, kisha akaminya shina la mkia kwa vidole. Dalali hajafungua mdomo, na bei imeshapatikana kichwani. Mwaka 1986, Nicholson na Butterworth, watafiti wa ILCA, kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa Addis Ababa, walitoa mwongozo wa kupima unene wa ng'ombe wa zebu kwa ngazi 9, kuanzia mifupa mitupu hadi nyama iliyofunika kila kitu. Ukiusoma, utaona kwamba sehemu zinazokaguliwa ni zile zile za sokoni: uti, mbavu, nyonga, shina la mkia, nundu.

Mikono hiyo miwili haigombani. Ugomvi huanza baada ya mkono kuondolewa. Mtafiti akishampa ng'ombe alama 3, huuliza: apewe nini? Mfugaji wa Garissa akishaziona mbavu, huuliza: apelekwe wapi? Naamini kwamba karibu kila tofauti iliyopo kati ya elimu ya maabara na elimu ya wafugaji wa Kaskazini Mashariki ya Kenya, iwe ni katika lishe, katika uzazi, hata katika huruma kwa mnyama, inatoka kwenye maswali hayo mawili. Na hasara nyingi za eneo hili zimetokana na kuyafanya yawe swali moja.

Elimu ya lishe ya mifugo inayofundishwa vyuoni ilizaliwa zizini. Kule Möckern, karibu na Leipzig nchini Ujerumani, Oskar Kellner aliwafungia maksai ndani ya vyumba maalumu, akapima kila kilo iliyoingia kinywani, kila kilo ya kinyesi iliyotoka, na hata hewa waliyopumua. Kitabu chake cha 1905 kiliipa dunia njia ya kukilinganisha kila chakula cha mifugo na wanga safi: kilo moja ya nyasi kavu, au ya shayiri, au ya mashudu, itaongeza mafuta kiasi gani mwilini ukiilinganisha na kilo moja ya wanga? Majedwali yake yalitumika Ulaya kwa miongo kadhaa, na yale yaliyokuja baadaye, yanayohesabu nishati na protini, ni watoto na wajukuu wake. Siidunishi kazi hiyo hata kidogo. Ng'ombe wa maziwa wa Kiambu, anayekatiwa nepia asubuhi na kuongezewa mashudu jioni, anaishi kwa hisabu iliyoanzia kwa akina Kellner, na familia inayomfuga inalipa karo kwa hisabu hiyo hiyo. Lakini hisabu hiyo ina sharti ambalo halikuandikwa popote kwa sababu kule Ujerumani halikuhitaji kuandikwa: mnyama amesimama, chakula kinamjia.

Garissa sharti hilo halipo. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 300, na hata hizo hazinyeshi kwa mpango. Katika msimu wa gu au wa deyr, misimu miwili ya mvua, wingu linaweza kumwagika Modogashe likaiacha Balambala kavu kabisa, na mwaka ujao ikawa kinyume. Nyasi huota zilikonyeshewa, huwa na nguvu kwa wiki chache, kisha hugeuka kuwa mabua. Anayengoja nyasi zimfikie alipo atazika mifugo wake. Kwa hiyo ujuzi mkubwa wa mfugaji ni wa mahali na wakati: nani alinyeshewa, lini, kuna nini pale, nani anakaa pale, maji yako umbali gani, na wanyama gani wanaweza kuufikia umbali huo na kurudi.

I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1961, A Pastoral Democracy, alieleza jinsi Wasomali wa kaskazini walivyozigawa familia zao sehemu mbili: vijana na ngamia wakienda mbali, kina mama, watoto na wazee wakibaki na mbuzi na kondoo karibu na maji. Mpangilio wa namna hiyo, kwa sura zake za mahali, unajulikana Wajir na Garissa pia, na Waborana wana kambi zao za fora zenye kazi ile ile. Mtu wa zizini akiuona husema hawa ni watu wasiotulia. Ukiutazama kwa jicho la lishe, utaona kuwa ni mgawanyo wa chakula. Ngamia hula majani ya miti na vichaka na huvumilia kiu kwa siku nyingi. Mbuzi na kondoo hawavumilii. Ukiwaweka pamoja, ama ngamia watakula karibu na kisima chakula ambacho mbuzi angekihitaji, ama mbuzi watakufa njiani. Kule Möckern mgawo ulipimwa kwa mizani. Hapa unapimwa kwa mwendo wa miguu.

Mfano bora kuliko yote ni chumvi. Vitabu vya ufugaji wa ngamia vinakadiria kwamba mnyama huyu anahitaji chumvi mara 6 hadi 8 kuliko mifugo wengine. Wafugaji wa Kisomali wamelijua jambo hilo tangu zamani bila kulitaja kwa gramu: kila baada ya muda ngamia hupelekwa kwenye visima vya maji ya chumvi, au kwenye ardhi ya chumvi, au kwenye vichaka vya jamii ya Suaeda na Salsola vinavyoota penye magadi, hata kama njiani kuna majani mazuri zaidi. Mwaka 1939, E. F. Peck, daktari wa mifugo katika Somalia ya Waingereza, aliandika katika jarida la madaktari wa mifugo kuhusu uhusiano wa upungufu wa chumvi na maradhi mawili ya ngamia: vidonda vya ngozi inayooza na uvimbe wa viungo. Alichokifanya Peck, nionavyo, ni kulitafutia ushahidi wa kitabibu jambo ambalo tayari liliongoza njia za misafara. Na hiyo ni kazi ya heshima, kwa sababu ushahidi ulioandikwa unaweza kumfikia mtu wa Adelaide au wa Abu Dhabi ambaye hatawahi kukutana na mchungaji wa Wajir.

Sasa linganisha na yaliyotokea Nakuru. Ng'ombe wa walowezi katika mashamba ya Bonde la Ufa walikuwa wakikonda na kufa huku majani yakiwa tele, hata ugonjwa ule ukapewa jina la mji. Katika miaka ya 1920 taasisi ya Rowett ya Aberdeen, iliyoongozwa na John Boyd Orr, ilijishughulisha na madini ya malisho ya Kenya, na mwaka 1929 Orr alitoa kitabu kuhusu madini katika malisho na afya ya mifugo. Katika miaka ya 1930 utafiti wa Australia ulionyesha kwamba ng'ombe na kondoo huweza kudhoofika hadi kufa kwa kukosa kobalti, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno, na ugonjwa wa Nakuru nao ukaeleweka kwa njia hiyo. Hakuna mchungaji yeyote ambaye angeijua kobalti. Huo ni ushindi wa maabara na haupaswi kupunguzwa. Ila tujiulize kwa nini ng'ombe wa Nakuru alihitaji kuokolewa na maabara. Seng'enge ilikuwa imemzuia kwenda kujitafutia penye udongo wenye kile alichokikosa, kama ng'ombe wa Wamaasai walivyokuwa wakipelekwa kwenye udongo wa chumvi. Uzio ulileta upungufu, kisha sayansi ikaleta dawa ya upungufu. Tusiichukue dawa hiyo tukaifanya sababu ya kujenga uzio mwingine Garissa.

Kuna nyakati sayansi ilitoka zizini na kumfuata mnyama, na hapo ndipo iliposema mambo makubwa zaidi. Mwaka 1953 na 1954 Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walikaa Béni Abbès, katika jangwa la Algeria, wakimpima ngamia asiyenyweshwa. Waligundua kwamba joto la mwili wake linaweza kushuka hadi nyuzi 34 alfajiri na kupanda kupita 40 alasiri, hivyo hatumii maji mengi kutoa jasho. Kwamba anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akaishi. Na kwamba akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika kama 10. Baadaye, Reuven Yagil alionyesha kwamba ngamia jike mwenye kiu hutoa maziwa yenye maji mengi zaidi kuliko anayekunywa kila siku. Kwa mtoto aliye na mama yake maili nyingi kutoka kisimani, maana ya utafiti huo ni kubwa kuliko jedwali lolote la wanga: wakati wa kiangazi, mnyama huyo ndiye chakula na ndiye maji.

Ubaya ulikuja pale elimu ya zizi ilipopewa ramani na fedha. Katika miaka ya 1970, mradi wa serikali wa maendeleo ya mifugo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligawa sehemu za Mkoa wa Kaskazini Mashariki kuwa vitalu vya malisho, vikachimbiwa mabwawa na visima. Msingi wake ulikuwa hesabu ya hekta ngapi kwa mnyama mmoja, wazo linalofaa mahali ambapo mwaka huu unafanana na mwaka jana. Penye mvua ya Garissa, hesabu hiyo haina wastani wa kushikilia. Maji ya kudumu yaliwekwa kwenye malisho ya masika, ambayo zamani yalipumzika kiangazi kwa sababu hayakuwa na maji. Watu wakatua hapo, vijiji vikaota, na ardhi ikakanyagwa mwaka mzima. Ukame ulipokuja, mipaka ya vitalu haikumzuia mtu, wala haikupaswa kumzuia. Mwaka 1988, James Ellis na David Swift, kutokana na kazi yao Turkana, walitoa makala yaliyobadilisha mawazo ya wengi: kwamba katika nchi kavu kiasi hiki idadi ya mifugo huamuliwa zaidi na ukame kuliko na wingi wa mifugo wenyewe, na kwamba kuhama ndiyo njia ya kuishi katika hali hiyo. Wafugaji hawakushangaa. Mabwawa yalikuwa yameshachimbwa.

Hata hivyo, kosa la vitalu halimfanyi mfugaji awe sahihi siku zote, na kumpenda mtu hakumaanishi kumsifu kwa kila jambo. Abdullahi Hussein Ali, mwanasayansi mzaliwa wa Garissa, alichunguza na wenzake eneo la hirola, swala adimu wa kusini mwa kaunti hiyo, na katika utafiti wao wa 2017 walionyesha kuwa tangu 1985 miti iliongezeka zaidi ya mara mbili mahali palipokuwa nyika ya majani. Ndovu wa kuiangusha walikuwa wametoweka, na matumizi ya malisho yalikuwa yamebadilika. Ng'ombe anakula kile kile anachokula hirola, kwa hiyo nyika inapogeuka msitu wa miiba, mwenye ng'ombe wa Ijara anapoteza pia. Badiliko la miaka 30 ni vigumu kuliona kwa macho ya mtu anayehama kila msimu. Picha za angani huliona. Nafurahi kwamba aliyelisema ni mwana wa Garissa, kwa sababu aliweza kulijadili na wazee kwa lugha yao bila kumtafuta wa kulaumiwa.

Kuna elimu ya tatu ambayo wataalamu wa mifugo huisahau, ingawa Garissa inasomeshwa kila msikiti: fikihi ya zaka. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasomali na watu wa pwani ya Waswahili, zaka ya mifugo huanzia ngamia 5, ng'ombe 30, mbuzi au kondoo 40, na sharti moja ni kwamba mnyama awe anajilisha malishoni kwa mwaka mzima. Mnyama anayelishwa zizini kwa gharama ya mwenyewe hana zaka hiyo ya mifugo. Wanazuoni wa Maliki hawakubaliani na sharti hilo, na mjadala huo ni wa karne nyingi. Kinachonivutia ni kwamba mafakihi waliiona tofauti ambayo wapangaji wa maendeleo hawakuiona. Anayelisha kwa mkono na anayelisha kwa ardhi ya Mwenyezi Mungu hawana mali ya aina moja, hata wakiwa na ng'ombe wa rangi moja. Mmoja ana gharama kila asubuhi. Mwingine ana hatari kila msimu. Ushauri unaomfaa wa kwanza, yaani punguza idadi, ongeza uzito, uza mapema, unaweza kumwangamiza wa pili, maana yeye hubaki na majike wengi ili baada ya ukame kuwe na mbegu ya kuanzia. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Aliyebaki na majike 4 alikuwa na pa kuanzia, hata kama wote 4 walikuwa wamekonda.

Jambo hilo linatupeleka kwenye mbegu. Kwa muda mrefu neno kuboresha lilimaanisha kuleta dume kutoka mahali pengine, na kipimo kilikuwa uzito na ukubwa. Ranchi ya Galana, kusini mwa Mto Tana, ilikuwa na Boran walioboreshwa kwa miaka, ng'ombe warefu wenye nyama nyingi. Majirani wa ranchi hiyo, Waorma, walikuwa na Boran wao wadogo zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, waliwaweka ng'ombe wa Waorma na wa ranchi pamoja katika eneo lenye mbung'o, wakawafuatilia kwa vipimo vya damu. R. B. Dolan alipoandika muhtasari wa miaka 15 ya kazi hiyo mwaka 1998, picha ilikuwa wazi: ng'ombe wa Waorma waliambukizwa mara chache zaidi, damu yao haikupungua kwa kasi ile ile, na walihitaji dawa mara chache kuliko wenzao walioboreshwa. Waorma hawakuwa na maabara. Walikuwa na misitu ya Tana na mbung'o wake, na kila aliyezaa katika hali hiyo alikuwa amepita mtihani ambao ranchi haikuuweka. Lakini bila kipimo cha damu cha watafiti, sifa hiyo ingebaki kuwa majivuno ya kabila moja, na vijana wa Kiorma wangeendelea kuambiwa wachanganye ng'ombe wao na wa ranchi bila kujua wanachokipoteza.

Historia ya kondoo nayo inapita hapo hapo. Kondoo mwenye kichwa cheusi na makalio ya mafuta, anayefugwa na Wasomali tangu zamani, alifika Afrika Kusini katika karne ya 19 na huko akaitwa Persian. Katika miaka ya 1930 na 1940 alichanganywa na Dorset Horn wa Uingereza, akatoka Dorper. Sasa Dorper huletwa katika kaunti za kaskazini akiitwa kondoo bora, naye ana nusu ya damu ya huyu anayeitwa wa kienyeji. Ana faida zake: hukua haraka, na anapopata majani huuzwa vizuri. Lakini utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, ulimlinganisha Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai mahali penye minyoo mingi, na Mmaasai akamshinda kwa mbali kwa ustahimilivu na kwa idadi ya wana waliobaki hai. Ningependa kuona ulinganisho kama huo ukifanywa Garissa kwa kondoo wa kichwa cheusi, katika miaka miwili ya kiangazi kikali, kabla dume mwingine hajagawiwa.

Tukija kwenye ustawi wa mnyama, huwa nasikia watu wakilisema jambo hili kana kwamba ni la Wazungu. Chanzo chake cha kisasa kinajulikana. Mwaka 1964 Ruth Harrison alitoa kitabu Animal Machines kilichoonyesha jinsi kuku, ndama na nguruwe wa Uingereza walivyofungiwa viwandani. Mwaka 1965 kamati ya Brambell ikaiambia serikali kwamba mnyama apewe angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutoka hapo, mwaka 1979, zikaja zile zinazoitwa haki 5: kutokuwa na njaa na kiu, kutokuwa na tabu ya mahali, kutokuwa na maumivu na maradhi, kuwa huru kuishi kwa tabia yake, kutokuwa na hofu. Ngamia wa Garissa anayo haki ya nne kikamilifu kuliko ng'ombe wengi wa Ulaya. Anatembea na wenzake, anachagua mti, anamnyonyesha mwanawe mwenyewe. Hapo mfugaji hana cha kujifunza kutoka London.

Lakini haki ya kwanza humponyoka kila ukame, na ya tatu huvunjwa kwa mkono wake. Kuchoma kwa chuma cha moto kama tiba bado kumeenea: kwa uvimbe, kwa kuchechemea, kwa kikohozi, hata kwa ugonjwa ambao moto hauwezi kuufikia kwa vyovyote. Nasema wazi kwamba chapa ya ukoo naielewa, kwa sababu inamlinda mnyama asiibiwe. Kumchoma mbavuni ngamia mwenye vimelea vya damu ni kumwongezea maumivu na kumchelewesha asipate dawa inayojulikana. Lipo pia suala la maziwa. Chuchu mbili kwa ndama, mbili kwa watu ni kanuni nzuri ya ugavi, na ina haki ndani yake. Kiangazi kikizidi, chuchu za watu huongezeka na za ndama hupungua, na vifo vya ndama wa ngamia ni moja ya sababu kubwa za kundi kutokua. Na lipo lori. Safari ya Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Ng'ombe husimama njia nzima, na anayeanguka hukanyagwa. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Uislamu unamtaka mchinjaji akinoe kisu na asimwonyeshe mnyama makali yake. Dini na sheria zinakubaliana mwisho wa safari. Njiani hakuna anayesimamia.

Mahali ambapo elimu ya zizi inahitajika zaidi Garissa, kwa maoni yangu, ni kwenye mathenge. Mti huu ulipandwa Bura katika miaka ya 1980, kwenye mradi wa umwagiliaji, ukashuka na kupanda mto kwa njia ya kinyesi cha mifugo, maana mbegu hupita tumboni nzima na kuota mahali pengine. Mbuzi akila maganda yake matamu kila siku, sukari hushika meno, na meno huharibika. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyekosa meno ili aonekane. Mwaka 2008 mti huo ulitangazwa kuwa magugu hatari. Uhamaji hausaidii hapa, kwa sababu mathenge hufuata njia zile zile za uhamaji. Kinachosaidia ni kinu. Ganda likisagwa pamoja na mbegu, mbegu hufa, na protini iliyofungwa ndani yake, ambayo ni nyingi kuliko ya ganda, hupatikana kwa mnyama. Unga huo ukichanganywa na chakula kingine huwa lishe nzuri ya kiangazi. Hilo ni jambo ambalo Kellner angelielewa mara moja, na mama mwenye mbuzi 10 pembeni mwa mji wa Garissa anaweza kulifanya.

Mathenge hiyo hiyo inaeleza kwa nini bima ya mifugo ilikuwa na ugumu. Mwaka 2010, ILRI na wenzake walianzisha Marsabit bima inayotegemea setilaiti: rangi ya kijani ya ardhi hupimwa kutoka angani, na ikishuka chini ya kiwango fulani, mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2013 ikafika Wajir kwa njia ya takafuli, ili Mwislamu aweze kujiunga bila wasiwasi wa riba. Ni wazo zuri mno kwa nchi hii pana yenye barabara chache. Ila setilaiti huona kijani, na mfugaji huuliza: kijani cha nini? Mathenge ni kijani hata kiangazi. Kichaka kisicholiwa ni kijani. Kwenye mradi wa serikali ulioanza 2015 malipo yalisogezwa mbele yafike kabla mnyama hajafa, ili mwenyewe anunue nyasi, maji au dawa. Badiliko hilo nalihesabu kuwa kubwa: kwa mara ya kwanza fedha za wataalamu zilianza kufuata mpangilio wa maamuzi ya mfugaji, ambaye hutumia alichonacho kumwokoa jike bora kabla hajaanza kumlilia.

Na jike huyo ni wa kina mama kwanza. Katika Mkoa wa Somali wa Ethiopia, ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Tufts na shirika la Save the Children waliendesha utafiti ulioanza kwa kuwauliza kina mama maziwa yanakwenda wapi kiangazi kinapoanza. Jibu lilikuwa kwamba yanakwenda mbali na watoto, pamoja na mifugo. Ndipo wachache kati ya wanyama wanaokamuliwa wakabakizwa karibu na nyumba, wakaletewa chakula na kutibiwa, wengine wakaendelea na safari yao. Maziwa yalidumu muda mrefu zaidi, na uzito wa watoto wadogo haukuporomoka kama ilivyozoeleka msimu huo. Wengi waende, wachache walishwe: hapo zizi na malisho vimepewa kila kimoja kazi yake, kwa mpango wa wenyewe.

Mashamba ya nyasi yanayomwagiliwa pembezoni mwa Tana, karibu na mji wa Garissa, yanazidi kuonekana, na KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo pale mjini. Kazi iliyo mbele ya watafiti wake ni kuzihesabu robota za nyasi hizo kwa namna ambayo jedwali la Möckern haliwezi. Robota moja ikipandishwa lorini hadi Fafi au Hulugho mwezi wa Septemba, inampata mnyama yupi, nani kamchagua, maziwa yaliyotoka yamefika kwenye kikombe cha nani, na ndama amebaki na chuchu ngapi?